Kabla Mwalimu Hajafika Kwenye Balbu

Asumini mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na mama yako juu ya begi lisilofungika. Yeye anataka uongeze unga wa muhogo, wewe unasema chuoni kuna chakula. Mwachie aongeze. Habari za nguo, za nauli, za marafiki wa kuchagua na wa kukimbia ameshakueleza wiki nzima, nami sina la kuongeza. Hata ningekuwa nalo nisingelisema, maana nina jambo moja tu, na nikianza na mengine nitajificha humo nisitoke.

Unakwenda kusomea umeme. Ulipotuambia, mama yako alipiga vigelegele, mimi nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika kwa sababu wewe ni mtoto wa kike, na nilikuacha udhani hivyo kwa sababu ilinifaa. Baba mshamba ni afadhali kuliko yule baba niliyekuwa nikimficha. Ukweli ni kwamba niliwaza somo moja. Sijui watalifundisha mwezi wa kwanza au mwaka wa pili. Mwalimu atachora balbu ubaoni, ile ya zamani yenye uzi ndani, ataandika volti zake, kisha atawauliza: mkiipa mara mbili ya hizo, kitatokea nini? Wenzako watakisia. Wewe utaweka kalamu chini. Utakuwa unasikiliza habari ya jicho lako la kushoto kutoka kwa mtu asiyekujua, na kabla kipindi hakijaisha utakuwa umefika kwenye swali ambalo hujawahi kuniuliza: kama jambo lenyewe linafundishwa darasani, baba yangu, fundi, hakulijua?

Nililijua. Nataka ulisikie kwangu kabla ya huyo mwalimu.

Nianzie ukweni, maana uchungu wangu ulianzia huko, na sitaki udhani ulianza na balbu. Mimi ni mtu wa Chiungutwa. Nilipomwoa mama yako nilipanda huku Mnyambe nikakaa kwao, kama ilivyo desturi: mume ndiye anayehama, nyumba ni ya mke, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Sikulazimishwa na mtu. Desturi ukiisikia ukiwa kijana mwenye mapenzi ni nyepesi, ukija kuishi nayo ndipo unaujua uzito wake. Jina lako alilitoa mjomba wako Chilumba. Shule ya kukupeleka aliichagua Chilumba. Mimi nilikuwa nikiarifiwa. Akikaa barazani, mimi nakaa pembeni, na akisema neno, mtu aliyeoa hapingi. Anaweza kushauri mara moja, kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza. Nilinyamaza sana miaka ile, na kila nilipokuwa nikinyamaza nilikuwa naandika moyoni.

Kitu pekee kilichokuwa changu ni ufundi. Niliupata Masasi mjini, kwenye karakana ya fundi mmoja mkali aliyetoka bara, bila cheti wala picha ya mahafali. Watu wa aina yangu tunaitwa vishoka, na anayetuita hivyo mchana, jioni anamtuma mtoto aje atuombe tukamtengenezee swichi. Umeme ulipofika Mnyambe, nyumba nyingi nilizifunga nyaya mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nioe watu walikuwa wananitafuta mimi mwenyewe, si mume wa dada yake Chilumba. Nilivimba. Nisikufiche, nilivimba kichwa mpaka mama yako akawa ananitania kwamba sasa nitahitaji mlango mpana zaidi.

Umeme wenyewe ulikuwa wa aibu. Sisi tulikuwa mwisho kabisa wa laini, transfoma iko mbali, na mashine za kusaga zilikuwa zinakula kabla yetu. Balbu imeandikwa volti mia mbili na thelathini, zinazofika ni nusu na ushee. Iliwaka nyekundu, ukaweza kuutazama uzi wake bila kufumba macho. Mama yako alikuwa akifuga vifaranga jikoni, ndani ya boksi lenye maranda, na balbu ikining'inia juu yao iwape joto. Joto gani? Huku juu miezi ya kipupwe baridi inauma, na kila asubuhi alikuwa anaokota vifaranga vilivyokufa kwa kurundikana. Hakunilaumu. Alinitazama tu, mimi fundi wake, nami sikuwa na la kufanya, maana nguvu isiyokuja kwenye waya fundi haitengenezi.

Ndipo Chilumba akatoka Masasi na boksi. Ndani yake mlikuwa na balbu zilizoshuka na kontena la mitumba, kila moja imeandikwa volti mia na kumi. Huko zilikotengenezwa umeme wa nyumbani ni mdogo kuliko wetu wa kwenye vitabu, lakini haukuwa mdogo kuliko wetu wa kwenye waya. Alifunga moja sebuleni kwake, ikawaka nyeupe. Watoto walipiga kelele. Wazee walitoa viti nje wakakaa wakitazama ndani ya nyumba ya mtu kupitia mlangoni. Kabla ya wiki kuisha kila mwenye umeme alikuwa anataka balbu ya Chilumba.

Nilikwenda barazani kwake. Nilivua viatu, nikasalimia, nikakaa pembeni pangu.

"Shemeji," nikamwambia, "hizi balbu ni za umeme mdogo. Zinawaka vizuri kwa sababu umeme wetu ni mbovu. Siku ukija umeme kamili zitapasuka."

Alicheka. "Umeme kamili? Huku Mnyambe? Hata ntoto hawezi kudanganywa hivyo, shemeji."

Wazee wakacheka naye.

"Mimi nasema tu," nikasema.

"Umesema, tumesikia. Wewe fundi wa nyaya, globu tuachie wenyewe." Akachukua moja bokisini akanipa. "Mpelekee dada yangu aweke kwa kuku wake. Naona hiyo ya kwako haiwafai."

Nimeyaandika maneno yote kwa sababu nimeyatunza yote. Hakuna hata moja lililopotea njiani. Mtu mwingine angeyasahau kabla ya kufika kwake, maana ulikuwa utani wa mashemeji tu, na Chilumba ndivyo alivyo, anamtania hata mchungaji na shehe. Mimi niliyabeba mpaka nyumbani pamoja na ile balbu. Niliifunga mwenyewe kwenye holda ya jikoni. Vifaranga vikapona. Mama yako akaanza kuimba asubuhi akivilisha, nyimbo za zamani za unyagoni, na kila nilipomsikia akiimba nilikuwa namsikia kaka yake akicheka.

Sasa nikueleze, mwalimu wako asinipite. Ndani ya balbu kuna uzi mwembamba uliosokotwa, umeshikwa na vijiti viwili vya waya. Uzi huo umepimwa uvumilie volti zilizoandikwa juu ya kioo. Ukizidishiwa, unawaka mweupe kupita kiasi, unayeyuka pale palipo pembamba, unakatika. Watu wanadhani mambo yameishia hapo: uzi umekatika, basi na umeme umekatika. Sivyo. Umeme ukiwa na nguvu ya kutosha haukubali kukatwa. Pale uzi ulipoachana unaruka, cheche moja nene isiyotaka kuzimika, mpaka inavishika vile vijiti viwili. Hapo hakuna tena uzi wa kuuzuia, unapita wote kwa mkupuo. Balbu ya mia na kumi imepangwa ndani kwa kutegemea mia na kumi, aliyeitengeneza hakuwazia Mnyambe. Kioo kinapata joto la ghafla kinapasuka, na vipande vinatoka vikiwa vya moto. Niliwahi kuliona hilo kwenye karakana ya Masasi nikiwa bado najifunza. Balbu ilipasuka juu ya meza ya kazi, na kipande kikatoboa turubai. Yule fundi wangu mkali akaniambia nisisahau, nami sikusahau.

Kwa hiyo usije ukasema baba alikuwa kishoka, hakusoma, barazani alibahatisha tu. Watu watakuambia hivyo kwa kunihurumia. Mama yako atakuwa wa kwanza.

Kuna na jambo la fyuzi, hili hata yeye hajui. Fyuzi ni kiwaya chembamba kinachotakiwa kiungue kwanza ili visiungue vingine. Umeme wetu ulikuwa mdogo, watu wakilazimisha friji na pampu, fyuzi zinaungua kila mara, na kila mara naitwa mimi. Nikachoka. Nikawa naweka waya wa shaba mnene, basi yameisha, siitwi tena. Niliweka kwa watu, nikaweka na kwangu. Niliwacheka majirani kwa kuuzoea umeme mbovu, kumbe mimi nilikuwa nimeshaizoea kazi mbovu. Labda hata fyuzi nzuri isingewahi kuizuia ile cheche. Sijui, na sitajua.

Kisha transfoma mpya ikaja, ya kijiji chetu wenyewe. Uliiona, ulikuwa unaenda kuitazama kila ukitoka shule. Watu waliishangilia kama mwali anayetolewa ndani. Nilikwenda pale kwenye nguzo nikamuuliza mmoja wa vijana waliokuwa wakiifunga, itawashwa lini. Akaniambia Alhamisi asubuhi. Nikamuuliza, volti ngapi zitafika? Akanijibu kwa majivuno, "Zote, mzee."

Nilirudi nyumbani na furaha, Asumini. Haikuwa furaha ya umeme. Njiani nilizipitia moja moja nyumba zote zenye balbu ya Chilumba, nikaziona zikipasuka, ya kwanza ikiwa ya sebuleni kwake mbele ya wageni. Niliwaona wale wazee waliocheka wakija kwangu kuniita. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyochelewa kuitika.

Ningeweza kupita mlango kwa mlango nikawaambia wazime. Ningeweza, kwa uchache, kuichomoa ya jikoni kwetu, kazi ya kunyoosha mkono. Nilijiambia nyumba si yangu, balbu si yangu, nilishasema nikachekwa, na mtu aliyeoa hasemi mara mbili. Desturi ilinipa pa kujificha, nikajificha. Usiilaumu desturi. Wako wanaume chungu nzima walioa huku na kuishi chini ya mashemeji zao, na hakuna kati yao aliyefanya nilichofanya. Sababu yenyewe ni hii: nilitaka mama yako aione balbu ya kaka yake ikifa mbele ya macho yake. Nilitaka aache kuimba.

Siku ile shule ilifungwa mje kushangilia. Ngoma ilikuwepo, hotuba zilikuwepo, wanawake walikuwa wamevaa khanga za sare. Mimi sikwenda. Nilikaa ukingoni mwa tangi la maji ya mvua, nje ya nyumba, nasubiri. Nilikuona ukitoka na wenzako kwenda kwenye ngoma. Sikukuona ukirudi. Uliingia jikoni kwa mlango wa nyuma kuwapa vifaranga maji, kwa sababu mama yako alikutuma, na wewe ulikuwa mtoto wa kutumwa akatumika. Nilisikia vigelegele vikipanda kule kwenye nguzo. Papo hapo dirisha la jikoni likawa jeupe, weupe ambao sijawahi kuuona katika nyumba ile. Nikatabasamu. Hilo ndilo neno ambalo nimeshindwa kulitamka mbele yako miaka yote hii, nimelazimika kusubiri uwe na begi mlangoni. Nilitabasamu. Halafu nikasikia mlio, na baada ya mlio nikasikia sauti yako.

Nilikuosha kwa maji ya tangi yaliyokuwa yananuka salfa, dawa ya unga ya mikorosho, maana ilikuwa miezi ya kupuliza na mabati yote yalikuwa na vumbi lake. Mama yako alikuja mbio, khanga imemvuka begani, akakushika. Tulipata gari la mfanyabiashara mmoja tukashuka nawe mpaka Mkomaindo, hospitali. Waganga walihangaika nawe kwa moyo wote. Waliuokoa uso, jicho halikuokoka. Uliporudiwa na fahamu ulimuuliza mama yako kama vifaranga wamekunywa maji.

Balbu nyingine kijijini zilikufa siku ile ile. Chache zilipasuka juu darini ambako hapakuwa na mtu chini yake. Ile ya sebuleni kwa Chilumba ilizimika kimya kimya, hata kioo hakikupata ufa.

Chilumba alitufuata hospitali kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni mwa wodi akalia mbele za watu, mzee mzima. Akanishika mkono akasema, "Shemeji, ulisema. Ulisema, mimi nikakucheka." Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nilisema." Basi. Nikamwacha alie. Ningeweza kumwambia: ndiyo, nilisema, lakini leo asubuhi nilikuwa najua saa yenyewe, na nilikaa kwenye tangi nikisubiri. Sikumwambia. Nilimtwisha mzigo wote, akaubeba bila kugeuza shingo. Kijiji kizima kikajua ni balbu za Chilumba zilizomtoboa jicho mtoto wa dada yake. Na wewe ukakua ukijua hivyo. Nimekuona mara ngapi mjomba wako akija unaingia ndani mpaka aondoke? Nilikuwa nakuona, na sikukurudisha. Moyoni nilisema, sasa hata mtoto ni wangu.

Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kushinda. Nilitaka mtoto awe wangu nikampata akiwa na jicho moja. Nilitaka mama yako aache kuimba, akaacha.

Yeye aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, wewe umeenda shule ukiwa na kitambaa usoni.

"Baba Asumini," akasema, "siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilisema barazani kwa kaka yako, kila mtu alinisikia."

"Sijakuuliza ulisema nini."

Nilichukua hindi jingine. Aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa, akainuka akaenda zake. Hajaniuliza tena. Tangu hapo ananipikia, ananifulia, ananiita kwa jina lako kama zamani, na akinipa chai anaiweka mezani, haniwekei mkononi. Wewe huwezi kuliona hilo kwa sababu hukujua ilivyokuwa kabla. Mimi naliona kila asubuhi.

Baada ya hapo nilizunguka nyumba zote nilizofunga nyaya nikatoa ule waya mnene kwenye fyuzi, nikaweka unaotakiwa. Watu walinisifu. Walisema tazama fundi huyu, ana msiba wa mtoto na bado anatujali. Nilizipokea zile sifa, Asumini. Nilikunywa na chai za watu. Kisha nikaacha ufundi, nikashika jembe na mikorosho ya mama yako, na wewe ulipokuja na bisibisi yako ukaniomba nikufundishe nilikufukuza. Ukajifundisha mwenyewe kwa kuvunja redio. Ulikuwa unaniuliza kitu huku umegeuza kichwa ili niwe upande wako wa kulia, na mimi nilikuwa nakujibu nikitazama kuku, nikitazama mti, nikitazama popote. Ukadhani sikupendi. Nilikuwa nakupenda nisiweze kukutazama, na kwa mtoto hayo mawili hayana tofauti. Hilo nalo nimekuibia.

Utakuwa fundi mwenye cheti. Sina wosia mrefu, na mtu kama mimi kutoa wosia ni kuchekesha. Ila utakutana na watu waliozoea kibaya. Utawakuta wameshapata ujanja wao wa kuishi nacho, kama sisi na balbu zetu, nao wana haki, walitaka mwanga, na hakuna dhambi katika kutaka mwanga. Usiwadharau. Utawaambia kuna hatari, nao watakucheka, hasa wakiona ni msichana. Utaumia. Hapo ndipo pagumu, na hakuna mwalimu atakayekufundisha hapo. Mimi nilipochekwa niliona kazi yangu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Sema tena. Wakikufukuza barazani, sema kupitia dirishani. Wakikataa kabisa, nyoosha mkono uichomoe hiyo balbu, wakutukane, wakuite mwanamke asiye na adabu. Kuchekwa hakuui mtu. Nimechekwa, na mpaka leo niko hai na nina macho yangu yote mawili.

Na ukiona umeanza kusubiri watu waumie ili wajue ulikuwa sahihi, acha ulichoshika, toka nje, jiogope. Mimi nilikuwa sahihi. Kila neno nililosema barazani lilikuwa kweli, hata leo mwalimu wako akilisikia atalipigia tiki. Tazama ukweli wangu umekufanyia nini.

Sitaandika samahani humu. Neno hilo nimelizungusha mdomoni miaka mingi na ninakujua wewe, ungelisoma ukalia, ukanijibu haraka haraka kwamba yameisha, baba. Hayajaisha. Utajitazama kwenye kioo cha huko unakokwenda na watu wapya watakuuliza uso umepatwa na nini. Mpaka leo umekuwa ukiwajibu kwamba ilikuwa ajali. Sasa una jibu jingine, na ni lako, ulitoe au ulifiche upendavyo. Sitakuuliza ulimwambia nani.

Ninakuomba kitu kimoja tu, nacho si changu. Kesho kabla ya kwenda Newala kwenye basi, mwambie wa bodaboda apitie kwa mjomba wako Chilumba. Amezeeka, siku hizi hatoki. Yeye ndiye aliyenikatalia nilipotaka kukutoa shule ukafuge kuku na mama yako, na mimi nikakuacha umshukuru mwalimu mkuu ukidhani ndiye aliyekutetea. Ingia ndani, kaa naye. Mwambie maneno yoyote, au msomee barua hii yote, nimeshachoka kulindwa na machozi yake.

Nasikia begi limefungwa. Mama yako anacheka, sijui umemwambia nini. Naipitisha barua hii chini ya mlango wako sasa hivi, usije ukaisomea kwenye basi ambako huwezi kurudi kunigombeza.

Asubuhi nitakuwa nje. Mtoto anayeondoka huwapigia magoti wazazi wake akaomba radhi. Mama yako anakungojea kwa hilo, mpe haki yake. Kwangu usipige. Radhi yangu unayo, tena sistahili kukuona chini. Ukitaka kunipita nipite, panda pikipiki yako uende zako, usigeuke. Na hata usiponiamkia mimi nitaitikia, kwa sauti, mama yako asikie na huyo kijana wa bodaboda asikie. Marahaba, mwanangu.